Kozi ya Mkato au Mafunzo ya Mfululizo? Maelezo ya Istilahi za Kurusha Ndege kwa Ala

Miongoni mwa barua zilizotufikia katika sehemu yetu ya istilahi imo moja iliyotoka Ubena Zomozi, kata iliyo kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, katika nyika ya magharibi ya Bagamoyo. Mwandishi wake ni msomaji wetu wa siku nyingi. Shamba lake liko Ubena, biashara yake iko Dar es Salaam, na tangu miaka michache iliyopita anayo leseni ya rubani binafsi, yaani ile imruhusuyo mtu kurusha ndege ndogo kwa shughuli zake mwenyewe bila ya kulipwa ujira. Anatuarifu kwamba ameliona tangazo la shule moja ya ng'ambo lisemalo kuwa rubani kama yeye aweza kujifunza kuruka mawinguni kwa muda wa siku 10. Rafiki yake alimfasiria tangazo hilo kuwa ni la "kozi ya mkato ya leseni ya vyombo". Maswali yake ni mawili. Je, Kiswahili hicho ni sahihi? Na je, aichukue kozi hiyo?

Swali la kwanza ni letu. La pili si letu, kwa kuwa sisi si walimu wa urubani. Lakini kila tulipolichunguza la kwanza tuliona kwamba la pili limefungwa ndani yake. Maneno matatu ya fasiri ile, yaani vyombo, leseni na mkato, kila moja humpeleka msomaji mahali pasipo pake. Na katika kazi hii kwenda mahali pasipo pako ni jambo la roho. Kwa hiyo tulisoma kanuni, tukawauliza wajuzi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Rubani wa vyombo ni nani?

Neno rubani ni la bahari kabla ya kuwa la anga. Katika pwani yetu rubani alikuwa mtu aijuaye miamba na mikondo, aliyeongoza chombo kupita penye hatari hata kikafika bandarini. Ndege zilipokuja, wasemaji hawakungoja kamati yoyote. Walilichukua neno hilo wakampa yule aongozaye ndege. Hapana mtu leo alionaye kuwa ni geni.

Jambo hilo hilo ndilo linalolitia neno vyombo taabuni. Mtu akitamka "rubani wa vyombo" katika ufuko wa Bagamoyo, wasikilizaji watageuza nyuso zao kutazama majahazi, kwa sababu kwa mtu wa pwani chombo ni kwanza kile kielekeacho Unguja kwa tanga. Ndege yenyewe pia huitwa chombo cha angani. Tukisema kuwa rubani anarusha chombo kwa vyombo, tumelibebesha neno moja mizigo miwili katika sentensi moja.

Mafundi wa magari wanalo neno lao, geji, nalo ni neno zuri kwa kitu kipimacho mafuta au joto. Lakini mambo yaliyo mbele ya rubani hayapimi tu. Kwa kawaida ya ndege ndogo yako sita: kipimamwendo, kipimakimo, kionyeshacho urefu kutoka usawa wa bahari, kionyesha upandaji na ushukaji, dira ya jairo, kionyesha mgeuko, na upeo bandia. Hili la mwisho halipimi kitu bali huchora. Humchorea rubani mstari ule ambao macho yake yangeuona pale mbingu inapokutana na bahari, kama wingu lisingekuwapo.

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na lugha nyingine za nchi, ndipo tuvuke mpaka. Hapa hatukulazimika kwenda mbali. Neno ala limekuwa la watu wa kazi na la watu wa ngoma tangu zamani, nalo lina maana ya kitu ambacho mtu hukitumia kwa ustadi uliofunzwa. Tunapendekeza basi kusemwe kurusha kwa ala, na kinyume chake kurusha kwa macho.

Kurusha kwa ala kulidhihirishwa tarehe 24 Septemba 1929 katika uwanja wa Mitchel Field karibu na New York. Siku hiyo rubani James Doolittle alipaa, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asiweze kuona nje, na rubani mwenzake aliketi mbele kwa tahadhari tu. Magazeti ya wakati ule yaliita jambo hilo kuruka kipofu. Sisi hatukulipendelea jina hilo. Kipofu hana cha kutazama, na rubani wa ala anavyo vitu sita vya kutazama, wala haimpasi kukodolea kimoja akavisahau vitano.

Hadaa si kizunguzungu

Kabla ya kueleza mafunzo hayana budi yaelezwe maradhi yanayotibiwa na mafunzo hayo. Ndani ya sikio la mwanadamu mna mifereji mitatu yenye majimaji. Mtu akigeuka, majimaji hayo huchelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko kumwambiako kwamba anageuka. Lakini mgeuko ukiendelea kwa utulivu, baada ya sekunde chache majimaji huufikia mwendo wa mwili, na sikio hunyamaza. Aliye wingunimwe akalala upande polepole huhisi kwamba ameketi wima. Akijaribu kuinuka, huhisi kwamba analala upande mwingine. Kwa hiyo hurudi kule kule alikokuwa, na ndege huzidi kuzunguka ikishuka.

Baadhi ya maandishi tuliyoyaona huliita jambo hili kizunguzungu. Tafsiri hiyo ni ya hatari. Mwenye kizunguzungu anajijua. Hushika ukuta, huketi, huomba maji. Rubani huyu hajisikii vibaya hata kidogo. Anao uhakika kamili, na uhakika wake ni wa uongo. Kwa sababu hiyo tumependelea hadaa ya mwelekeo, maana mwenye kuhadaiwa hajui kwamba amehadaiwa.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani 20 wasiokuwa na mafunzo ya ala wakawaingiza katika hali ya mawingu ya kuigiza. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege, na wastani wa muda waliodumu ulikuwa sekunde 178. Huo haufiki hata dakika tatu. Watu hao hao walipofunzwa hatua chache za kugeuka na kurudi walikotoka, karibu majaribio yote yalifaulu. Funzo liko pande zote mbili: asiyefundishwa hana muda, na mafunzo hata yakiwa machache huleta tofauti.

Wala haihitajiki mvua. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999 John F. Kennedy mdogo, mwana wa aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwa akirusha ndege yake ndogo juu ya bahari kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard. Hewa ilikuwa na utando, na upeo wa macho haukuonekana. Alikuwa na leseni ya rubani binafsi. Kibali cha ala alikuwa bado hajakipata. Ndege ilitumbukia baharini, na watu wote watatu waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa serikali waliona kuwa rubani alishindwa kuidhibiti ndege kwa sababu ya hadaa ya mwelekeo.

Msomaji wetu anaijua hali hiyo bila ya kwenda Marekani. Kati ya Bagamoyo na Unguja ziko saa ambazo bahari na mbingu huwa na rangi moja, na jahazi lililo mbali huonekana kama kwamba linaelea hewani. Na katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, mawingu huweza kushuka chini sana katika nyika ya Chalinze na Ubena. Rubani aifuataye barabara ya Morogoro chini ya mawingu hayo aelekea kwenye milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vyapita mita 2,500 na huenda vimefichwa ndani ya wingu lile lile.

Leseni, cheti na kibali

Neno la pili la fasiri ile ni leseni. Leseni anayo tayari, nayo ndiyo imfanyayo aitwe rubani. Anachokitafuta ni idhini inayoongezwa katika leseni hiyo, imruhusuyo kuruka kwa kufuata kanuni za ala. Idhini hiyo haisimami peke yake. Leseni ikifa, nayo hufa. Tumeiita kibali cha ala. Cheti ni kitu kingine tena: ni karatasi ambayo shule yoyote yaweza kumpa mwanafunzi wake kumshuhudia kuwa alihudhuria. Shule hutoa cheti, lakini kibali hutolewa na mamlaka ya nchi, baada ya mtihani wa kuandika na mtihani wa kuruka.

Tofauti hii ina thamani ya fedha. Mtu aliyelipia kozi akidhani kwamba amenunua kibali aweza kurejea nyumbani na cheti. Na hata akirejea na kibali cha nchi nyingine, hawezi kudhani kwamba kinatumika hapa vivi hivi; lazima Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ikitambue au imtake atimize masharti zaidi. Swali hilo huulizwa kabla ya kulipa karo.

Yafaa pia ieleweke kibali hiki hakiruhusu nini. Hakimruhusu mtu kuingia katika wingu la radi, kwa maana humo ndege yenyewe huweza kuvunjwa. Wala hakimwezeshi kutua popote. Viwanja vikubwa kama kile cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, na kile cha Abeid Amani Karume, Unguja, vina mitambo ya redio imwongozayo rubani kushuka kwa ala. Viwanja vidogo vya mbugani na mashambani, kama kile cha Saadani, ni vya kurusha kwa macho. Kwa rubani wa pwani yetu, basi, faida kubwa ya kibali cha ala si kwenda asikoweza kwenda bali ni kurudi salama pale hali ya hewa inapogeuka.

Mkato au mfululizo

Sasa tumelifikia neno lililo kiini cha swali. Njia ya mkato ni njia iliyopunguzwa urefu. Aipitaye hutembea hatua chache kuliko mwenzake. Je, ndivyo zilivyo kozi hizi?

Sivyo. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944. Kiambatisho cha 1 cha mkataba huo ndicho kiwekacho kipimo cha chini cha mwenye kibali cha ala. Awe na saa 50 za safari za kutoka kiwanja hadi kiwanja akiwa yeye ndiye mkuu wa ndege, na awe na saa 40 za kazi ya ala. Katika hizo 40, saa zisizozidi 20 zaweza kufanywa ardhini, au 30 iwapo zimefanywa katika kiigizi cha ndege kilichokubaliwa. Nchi yaweza kuongeza juu ya kipimo hicho, na shule haina mamlaka ya kukipunguza.

Kwa hiyo kozi ya haki ya siku 10 haikati saa hata moja, bali huzipanga saa zile zile moja nyuma ya nyingine. Saa 40 kwa siku 10 ni saa 4 kila siku, mbali na muda wa kuelezwa kabla ya kuruka na kusahihishwa baada yake. Ndiyo maana tunasema kuwa istilahi yake ni mafunzo ya mfululizo. Kozi ya mkato ni jina la haki kwa jambo jingine, yaani kwa shule ipunguzayo saa au masomo. Na shule ya namna hiyo yapasa kukimbiwa.

Atakayezipinga kozi hizi atatuambia kuwa haraka haraka haina baraka. Atakayezitetea atamjibu kuwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali zote mbili ni za kweli na hapana hata moja ijibuyo swali hili. Tazama hesabu. Mwanafunzi arukaye saa 3 kwa juma atahitaji majuma yasiyopungua 13. Na mvua, shughuli na matengenezo ya ndege yakiingia kati, mwaka hupita. Kila juma husahau sehemu ya aliyojifunza juma lililopita na kuyalipia tena. Mfululizo humwondolea hasara hiyo. Lakini mfululizo una deni lake. Ustadi uliopatikana kwa siku chache hupotea upesi usipotumiwa, na mtu aliyechoka siku ya saba huenda akawa anaokoa saa bila ya kuokota elimu.

Maswali ya kumwuliza mwenye shule

Tumeyakusanya maswali ambayo wajuzi walitushauri, nasi tumeyapanga kwa lugha ambayo msomaji wetu aweza kuitumia.

Kwanza, saa ngapi ziko hewani na ngapi ziko katika kiigizi? Kiigizi ni mwalimu mzuri wa taratibu, kwa kuwa chaweza kusimamishwa katikati ya kosa, lakini hakimtikisi mtu sikio.

Pili, nitaingia katika wingu la kweli? Saa nyingi za mafunzo hufanywa mwanafunzi akiwa amevaa kofia ndefu imzuiayo kuona nje, hali mwalimu anaona. Hilo tumeliita wingu la kuigiza. Katika nchi kavu zenye anga safi mwaka mzima, mwanafunzi aweza kuzimaliza saa zake zote asione wingu la kweli hata moja. Tangazo hulihesabu anga hilo kuwa sifa. Kwa kusudi hili ni upungufu.

Tatu, nije nikiwa na nini? Mfululizo hufaa kwa mtu aliyekwisha kusoma nadharia na, ikiwezekana, kuushinda mtihani wa kuandika. Ajaye mikono mitupu atazitumia siku zake za ndege akisoma kitabu.

Nne, ni mwalimu mmoja au wengi, na ndege ni ya namna ile nirushayo nyumbani? Kupangwa kwa ala kukibadilika, macho hulazimika kujifunza njia upya.

Tano, nisipokuwa tayari siku ya kumi itakuwaje? Shule iliyo njema ina jibu la swali hili na bei yake imeandikwa. Shule isemayo kwamba jambo hilo halitokei haijibu swali.

Swali la sita hulielekeza kwake mwenyewe: nikirudi, nitaruka kwa ala mara ngapi kila mwezi, na pamoja na nani? Hapa Kiswahili cha kila siku kimetutangulia, kwani watu husema leseni hai na leseni iliyokufa. Kibali hai si kile ambacho tarehe yake haijapita tu, bali kile ambacho mwenyewe amekitumia karibuni. Kwa mfano, kanuni za Marekani humtaka rubani awe ametimiza, ndani ya miezi 6, mishuko 6 ya ala pamoja na mazoezi mengine. Asipotimiza, haruhusiwi kusafiri kwa kanuni za ala hata kama karatasi yake ni nzima.

Kwa hiyo jibu letu kwa msomaji wa Ubena ni hili. Ikiwa saa zimetimia, nadharia ameisoma, TCAA imekwisha kumwambia kwamba kibali kitatambuliwa, na anayo ndege na mwenzi wa kufanya naye mazoezi kila mwezi atakaporejea, mafunzo ya mfululizo yatamfaa. Ikiwa hana hayo, na hasa hilo la mwisho, heri ajifunze polepole karibu na nyumbani, katika mawingu yale yale atakayokutana nayo. Mwenye kibali kilichokufa asiyejua kwamba kimekufa yu katika hatari kuliko asiyekuwa nacho, maana yule wa pili hugeuka mapema akarudi.

Faida ya istilahi hizi

Huenda mtu akauliza: kwa nini kujisumbua, iwapo rubani na mwongoza ndege husemezana kwa Kiingereza? Hatukusudii kuyabadili mazungumzo ya redioni. Huko kinachotakiwa ni maneno machache yanayofahamiwa na wote. Lakini uamuzi wa kwenda au kutokwenda haufanyiki redioni. Hufanyika nyumbani, mbele ya mke au mume na ndugu watakaopanda ndege hiyo, na hao nao wana haki ya kufahamu tofauti ya leseni na kibali, ya kizunguzungu na hadaa, ya mfululizo na mkato. Mtu akisikia "leseni ya vyombo ameipata kwa mkato", hana njia ya kujua aulize nini. Akisikia "kibali cha ala, mafunzo ya mfululizo", ataweza kuuliza: je, kibali chako kingali hai?

Istilahi tunazozipendekeza ni hizi:

Ala: kifaa kimwonyeshacho rubani hali na mwendo wa ndege.
Kurusha kwa macho: kuongoza ndege kwa kutazama nje.
Kurusha kwa ala: kuongoza ndege kwa kutazama ala peke yake.
Upeo bandia: ala ichorayo mstari wa upeo wa macho.
Hadaa ya mwelekeo: hali ya mwili kumwarifu mtu uongo kuhusu upande alioelekea, naye asitambue.
Kibali cha ala: idhini iongezwayo katika leseni ya rubani.
Wingu la kuigiza: hali ya kuzuiwa kuona nje kwa ajili ya mafunzo.
Kiigizi: mtambo wa ardhini uigao mwendo wa ndege.
Mafunzo ya mfululizo: mafunzo yenye saa kamili, yaliyopangwa katika siku chache.
Kibali hai: kibali kilichotumiwa ndani ya muda uliowekwa.

Haya bado ni mapendekezo. Tunawaomba marubani, waongoza ndege, mafundi na manahodha wa pwani watuletee maoni yao, hasa palipo na neno lililokwisha kuzoeleka miongoni mwao ambalo sisi hatukulisikia. Neno la mwenye kazi, likiwa halimpotezi msikilizaji, ni bora kuliko letu.